Jicho Jekundu na Kidonge cha Presha: Vidokezo 12 Kabla Hujakitupa

Jirani yangu wa Charambe, bibi wa wajukuu 3, alitoa hukumu bila kusikiliza upande wa pili. Jumanne macho yaliwasha. Jumatano aliamka kope zimegandana kwa matongotongo, akazibandua kwa maji ya uvuguvugu. Alhamisi akapanda kigoda, akaisukuma bahasha ya vidonge vya presha juu kabisa ya kabati, nyuma ya masufuria ya shughuli. "Hivi ndivyo vinavyonimaliza macho, mwanangu," aliniambia nilipopita kumwamkia, ncha ya khanga ikiwa jichoni. Ushahidi wake ulikuwa mmoja tu: dozi mpya aliianza wiki 3 kabla.

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Bibi ana nusu ya ukweli. Dawa za presha na macho vinajuana, tena vizuri, ila ni nadra kukutana kwenye maambukizi. Hiyo nusu nyingine ndiyo iliyonikalisha niandike haya, kwa wote wenye bahasha kama ile, kuanzia Mbagala na Chamazi hadi Bunju na Mabwepande.

1. Litazame jicho kwanza

Simama mbele ya kioo mchana, mlango ukiwa wazi. Wekundu una sura nne hivi.

Jicho lenye maambukizi hutoa kitu. La virusi hutoa machozi majimaji, huanza upande mmoja, na baada ya siku moja mbili la pili nalo linafuata. La bakteria hutoa usaha mzito, wa njano au kijani. Jicho la mzio huwasha kuliko yote, mwenyewe haachi kulipikicha, na pua nayo inachuruzika. Jicho kavu husaga kama limeingia mchanga, na huzidi jioni. Ajabu yake ni kwamba hilohilo kavu huweza kumwaga machozi: likichokozeka sana, mwili unalimwagia maji kwa pupa, yanashuka mashavuni na ukavu unabaki palepale.

Ipo na sura ya nne, inayotisha kuliko zote na mara nyingi ndiyo isiyo na neno. Sehemu ya weupe wa jicho inakuwa nyekundu kabisa, kama imepakwa rangi, na mpaka wake unaonekana. Haiumi, haitoi uchafu, na unaona vilevile. Hapo kimshipa kidogo kimepasuka na damu imevilia chini ya utando. Huwapata wenye presha ya juu, wanaomeza aspirini, na yeyote aliyekohoa, kutapika au kunyanyua ndoo kwa nguvu. Hufifia yenyewe ndani ya wiki 1 hadi 2, huku ikigeuka njano kama alama ya kuvilia mkononi. Haihitaji matone yoyote. Inahitaji kipimo cha presha.

Niliwahi kumwona baba mmoja mwenye doa la namna hiyo kwenye daladala la Tandika. Aliachiwa siti nzima ya nyuma, wenzake wakabanana mlangoni. Alisafiri kifalme bila sababu, maana jicho lile halikuwa na cha kumwambukiza mtu.

2. Uliza habari za mtaa

Mwanzoni mwa 2024, macho mekundu yalipolipuka Dar es Salaam, Wizara ya Afya ilitoa tahadhari kwa wananchi. Ule ulikuwa ugonjwa wa virusi, na ulipita nyumba kwa nyumba: shule, ofisi, vituo vya daladala. Ulimpata mwenye presha na asiye nayo. Sasa weka na hesabu hii pembeni. Utafiti wa kitaifa wa 2012 uliwapima Watanzania wa miaka 25 hadi 64 na kukuta karibu 26 kati ya kila 100 wana presha ya juu. Ugonjwa wa macho ukipita katika mji wa namna hiyo, lazima utawakuta watu wengi ambao wameanza kidonge mwezi uleule. Kila mmoja wao atasema, "Tangu nianze dawa hii…"

Kwa hiyo kabla ya kuangalia bahasha, angalia nyumba. Mtoto wa jirani ana macho mekundu? Shuleni wamerudishwa wangapi? Bibi nilipomuuliza kuhusu wajukuu, alitaja kwa haraka, kama jambo dogo, kwamba yule wa darasa la pili "alikuwa nayo wiki iliyopita, lakini yamepona."

3. Dawa zina ukoo, soma jina la mwisho

Huu ndio ujanja ninaoupenda kuliko yote. Majina ya dawa za presha ni magumu, lakini mwisho wa jina unakutajia ukoo, na kila ukoo una tabia zake kwa macho.

Ukoo wa -dipini, yaani amlodipini na nifedipini, hulegeza mishipa. Malalamiko yake ya kila siku ni vifundo vya miguu kuvimba na uso kupata joto. Mara chache uvimbe hupanda hadi kuzunguka macho, ukaamka asubuhi kope nzito kama uliyelia usiku kucha.

Ukoo wa -prili, kama kaptoprili, enalaprili na lisinoprili, unajulikana kwa kikohozi kikavu kisichokwisha. Sasa unganisha na kidokezo cha kwanza: mtu anakohoa mwezi mzima, siku moja anakohoa kwa nguvu, kimshipa cha jicho kinapasuka. Analaumu jicho, mhusika yuko kifuani. Lakini ukoo huu una jambo zito zaidi. Unaweza kuvimbisha ghafla midomo, ulimi na kope, na watu weusi hupata hali hiyo zaidi ya wengine. Haingoji wiki ya kwanza, inaweza kuja hata baada ya miezi mingi ya kumeza dawa kwa amani. Midomo au ulimi ukivimba, usimeze kidonge kingine, kimbia hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana.

Ukoo wa -sartani, kwa mfano losartani, ni binamu wa huo wa -prili, mpole zaidi, na kikohozi ni nadra. Ukoo wa -ololi, atenololi na propranololi, hupunguza mapigo ya moyo na unaweza kupunguza machozi pia.

Halafu kuna dawa za kukojoza: haidroklorothiazidi, bendrofluazidi, furosemidi. Abiria wa Mbande anayeenda mjini asubuhi anazijua kwa sababu nyingine, ile ya kutafuta choo kabla foleni ya Barabara ya Kilwa haijamkamata. Hizi nazo huweza kukausha macho. Haidroklorothiazidi hasa ina tukio la nadra la kuogopwa: ndani ya saa au wiki chache za mwanzo, kuona mbali kunafifia ghafla na jicho linauma, kwa sababu msukumo ndani ya jicho umepanda. Dawa hiyo mara nyingi hufichwa ndani ya kidonge cha mchanganyiko, na boksi lake huwa na herufi H pembeni ya jina.

Kama dawa zako zilihesabiwa kwenye bahasha ya karatasi iliyoandikwa "1x1" tu, rudi ukaombe waandike jina. Ni haki yako kujua unachomeza.

4. Ukavu ndio mlango wa nyuma

Hapa ndipo ile nusu ya ukweli ya bibi ilipo. Machozi si maji matupu. Yana tabaka la mafuta linaloyazuia yasikauke, na yana kemikali zinazovunja kuta za bakteria. Kila ukipepesa, unaosha. Kidonge kikipunguza machozi, uoshaji unapungua, jicho linasaga, mkono unapanda kupikicha. Na mkono huo umetoka kushika bomba la daladala, noti ya elfu moja na mpini wa jembe.

Basi kidonge hakileti mdudu. Kinachoweza kufanya ni kuacha mlango bila mlinzi, na mkono ndio unaomwingiza mgeni. Vumbi la barabara za ndani zisizo na lami linasaidia, moshi wa mkaa unasaidia, na feni iliyoelekezwa usoni usiku kucha inasaidia kuliko vyote viwili. Kabla ya kubadili dawa, geuza feni itazame ukuta kwa wiki moja. Ukishindwa kwa joto la Februari, nitakuelewa.

Matone ya machozi bandia yapo famasi, na mengi hayana dawa yoyote ndani, ni kilainishi tu. Uliza yasiyo na kiondoa wekundu, sababu utaiona kidokezo cha 8.

5. Karatasi ya ndani ya boksi isikukoseshe usingizi

Wapo wasomaji makini wanaokunjua ile karatasi nyembamba yenye maandishi ya sisimizi. Wakifika kwenye orodha ya madhara, wanakuta "uvimbe wa utando wa jicho" umetajwa, na simu zinaanza kupigwa.

Ni kweli umetajwa. Maelezo rasmi ya amlodipini ya Marekani yanautaja miongoni mwa mambo yaliyoonekana kwa chini ya mtu 1 kati ya 100 na zaidi ya 1 kati ya 1,000, na yanasema wazi kwamba haikuthibitika kuwa dawa ndiyo chanzo. Losartani nayo ina mstari kama huo, na hidralazini, ile wanayopewa baadhi ya wajawazito, pia. Orodha hizi hukusanywa kwa kuandika karibu kila kilichowapata washiriki walipokuwa wanameza dawa. Kama mmoja aliambukizwa na mwanawe, naye anaingia. Tena uvimbe wa utando si lazima uwe maambukizi, mzio na ukavu vinavimbisha vilevile.

6. Hata hivyo, kushuku si dhambi

Nisije nikaonekana wakili wa viwanda. Iko dawa moja iliyowapofusha watu kweli. Practolol, ya ukoo huohuo wa -ololi, ilitolewa na kampuni ya Uingereza ICI mwaka 1970 kwa jina la Eraldin, kwa wagonjwa wa moyo na presha. Ilisifiwa. Kisha wagonjwa wakaanza kulalamika macho makavu yanayochoma, vipele vya ngozi, na baadhi yao kovu la tumboni. Daktari wa macho Peter Wright wa hospitali ya Moorfields, London, ndiye aliyegundua kwamba waliofika kliniki yake na macho makavu ya ajabu walikuwa na kitu kimoja cha pamoja: kidonge kile. Machozi yao yalikauka kabisa, kioo cha jicho kikapata makovu, wengine hawakuona tena. Vidonge viliondolewa sokoni 1975.

Naipenda habari hii kwa sababu moja. Wagonjwa wale walisema. Hawakuficha bahasha juu ya kabati, walikwenda kliniki wakalalamika, na mtu mmoja akaunganisha malalamiko. Hapa kwetu, mwenye kazi ya kupokea taarifa za madhara ya dawa ni TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na mhudumu wa kituo chako anaweza kujaza fomu na kuituma. Mwombe ajaze. Wanaoulizia fomu hiyo ni wachache mno.

Practolol hutaipata dukani leo. Atenololi na propranololi za sasa hazina historia hiyo.

7. Usikiache kidonge kimyakimya, kitakudanganya

Nieleze jinsi bibi alivyokuwa anaelekea kujidanganya, maana ni mtego mzuri sana.

Macho mekundu ya virusi hupona yenyewe, mengi ndani ya wiki 1 hadi 2, umeze dawa au usimeze. Amlodipini, kwa upande wake, hukaa mwilini kwa muda mrefu: inachukua saa 30 hadi 50 nusu yake tu kutoka. Kwa hiyo ukiiacha Alhamisi, Ijumaa husikii lolote, Jumamosi husikii lolote. Presha inarudi polepole, nayo haina kelele. Wiki inayofuata macho yameng'aa, kichwa hakiumi, na wewe umepata uthibitisho: niliacha dawa, macho yakapona. Utawasimulia wenzako kisimani, na watatu kati yao wataacha.

Ukoo wa -ololi ni hatari zaidi kwenye hili. Ukiukatisha ghafla, moyo uliokuwa umetulizwa unaruka kwa kasi, na mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kupata maumivu makali ya kifua. Hupunguzwa hatua kwa hatua, kwa maelekezo ya daktari.

Utafiti uliofanyika Ilala na Hai na kuchapishwa mwaka 2000 ulikuta kwamba kati ya wenye presha, chini ya mmoja kati ya watano alijua kuwa anayo, na waliokuwa wameidhibiti hawakufika hata mmoja kati ya mia. Mwenye bahasha mkononi tayari ameshavuka mto ambao wengi hawajaufikia. Kama dawa haikupatani, ziko koo nyingine nne, mwambie daktari akubadilishie.

8. Matone nayo yana presha yake

Watu huuliza kama kidonge kinadhuru jicho. Ni wachache wanaouliza kama matone yanadhuru presha, ilhali njia hiyo iko wazi zaidi. Tone la jicho hushuka kupitia kitundu cha kona ya ndani, linaingia puani, kisha kwenye damu. Ndiyo maana unaweza kuonja uchungu wake kooni.

Matone ya kuondoa wekundu hufanya kazi kwa kubana mishipa, na yakiingia mwilini yanaweza kubana hata isiyohusika. Feniliefrini, hasa ile kali ya asilimia 10, inajulikana kupandisha presha. Vidonge vya mafua vyenye feniliefrini au sudoefedrini vinafanya vivyo hivyo, na macho mekundu mara nyingi huja pamoja na mafua, kwa hiyo mtu anaondoka dukani na vyote viwili kwenye mfuko mmoja. Akiongeza diklofenaki ya maumivu, amekamilisha: dawa za kundi hilo huzuia chumvi na maji visitoke na kudhoofisha kazi ya dawa nyingi za presha. Kwa maumivu, anza na parasetamo.

Kuna na timololi, matone ya watu wenye presha ya macho. Hiyo ni -ololi kamili, ndani ya kichupa. Inaweza kupunguza mapigo ya moyo na kumbana kifua mwenye pumu. Mwenye kumeza atenololi na kudondosha timololi anatumia ukoo mmoja kwa milango miwili, na daktari wa presha hajui kama hukumwambia.

Hatari kuliko yote ni matone yenye steroidi, kwa mfano yale ya deksamethasoni. Yanatuliza wekundu kwa siku moja, ndiyo sifa yake mtaani. Jicho likiwa na kidonda cha fangasi au cha virusi vya malengelenge, steroidi huyamwagilia maji maambukizi hayo. Yakitumika miezi, hupandisha msukumo ndani ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Kichupa alichoachiwa shemeji mwaka jana kisikuhusu.

9. "Presha ya macho" ni kitu kingine

Kiswahili chetu kimetutega hapa. Presha ya macho ni msukumo wa maji yaliyomo ndani ya jicho. Presha ya kawaida ni msukumo wa damu mishipani. Nimesikia mzee wa Mtoni akieleza kwa kujiamini kwamba hahitaji kupimwa macho kwa vile presha yake iko 120 kwa 80. Hazipimwi kwa kifaa kimoja, hazitibiwi kwa kidonge kimoja, na ukiwa nayo moja hujapata msamaha wa nyingine. Aina ya kawaida ya presha ya macho huiba uwezo wa kuona kutoka pembeni kidogokidogo, bila maumivu wala wekundu. Aliyevuka miaka 40 apimwe, hasa kama mzazi au ndugu yake alipofuka nayo.

Presha ya damu nayo ina njia yake ya kuharibu jicho, kule nyuma kwenye retina, ambako kioo chako cha ukutani hakifiki. Omba upimwe huko pia.

10. Pima sukari

Chokea, kile kijipu cha kwenye ukope, kikiota, kikapona, kikaota tena, usimalize maneno yote kwa dawa ya presha. Sukari na presha hupenda kulala nyumba moja, na sukari ikipanda, maambukizi hupata karamu. Tone la damu kidoleni, basi.

11. Yaache maziwa kwenye chai

Maziwa ya mama, mkojo, mate, chumvi, majani ya kutwanga: yote nimeyasikia, mengine kwa watu wenye digrii. Madaktari wa macho Yorston na Foster walichapisha mwaka 1994 utafiti kuhusu dawa za kienyeji za macho na vidonda vya kioo cha jicho hapa Tanzania, na picha haikuwa nzuri. Kioo cha jicho ni chembamba, hakina mshipa wa damu, na kidonda chake huacha kovu jeupe mahali hasa unapopitisha macho yako kuona. Kwa macho mekundu ya virusi, kitambaa safi, maji yaliyochemshwa yakapoa, na subira vinatosha. Antibayotiki haziui virusi, hata ukidondosha kichupa kizima.

12. Siku ambazo hungoji

Nenda siku hiyohiyo kama jicho linauma kweli na si kuwasha tu, kama mwanga unakuchoma, kama kuona kumefifia, kama kuna doa jeupe kwenye kioo cha jicho, kama limechomwa na kijiti au kipande cha chuma, au kama ni la mtoto mchanga. Jicho moja jekundu lenye maumivu, kichwa kinachopasuka, kichefuchefu, na duara za rangi kuzunguka taa: hiyo ni presha ya macho ya ghafla, inahesabiwa kwa saa. Mjamzito mwenye presha anayeona vimulimuli au ukungu asingoje asubuhi. Na kuona kukikatika ghafla, mdomo ukaenda upande au mkono ukalegea, hiyo si habari ya macho tena, ni kiharusi.

Duka la dawa muhimu la mtaani ni zuri kwa mengi, lakini muuzaji hana taa ya kutazama ndani ya jicho. Anza kituo cha afya, ukipewa rufaa nenda Mwananyamala kwa wa Kinondoni au hospitali ya Temeke kwa wa huku kwetu. CCBRT pale Msasani wana huduma za macho, na Muhimbili ndiyo ngazi ya juu. Beba dawa zote kwenye mfuko mmoja, hata za mitishamba, hata matone ya shemeji, pamoja na namba za presha za wiki hiyo zilizoandikwa na tarehe. Daktari mwenye foleni ya watu 60 atakushukuru kimoyomoyo.

Bibi tulikwenda naye Ijumaa. Presha ilikuwa 168 kwa 98, baada ya siku moja tu ya mgomo, kwa hiyo hata kabla ya mgomo mambo hayakuwa shwari. Macho yalikuwa na virusi. Daktari hakugusa kidonge, aliongeza cha pili, kisha akauliza swali ambalo mimi na majina yangu ya ukoo hatukulifikiria: nyumbani kuna taulo ngapi za uso?

Moja. Watu 5, taulo moja, imening'inia msumarini nyuma ya mlango wa bafu.

Tulipita sokoni Tandika tukanunua tano, kila moja rangi yake ili zisichanganywe. Kijani ilichukuliwa na mjukuu mkubwa kabla haijatoka kwenye mfuko, njano akaikumbatia wa darasa la pili, maana ile ni nyumba ya Yanga mtupu. Ya bluu ni ya mdogo, nyeupe ni ya bibi. Nyekundu imebaki kwa babu. Ameifunga kichwani, na bahasha ya mkewe ameiteremsha mwenyewe kutoka juu ya kabati, anasema atairudisha taulo sokoni wakimtafutia rangi yenye heshima.